Nusu Saa Kwapani

Mpimaji alinipiga kofi siku yangu ya tatu kazini. Nilikuwa nimeshika tyubu, kile kichupa chembamba cha kioo tunachowekea damu, nikaitikisa kama mtu anayetikisa dawa ya kikohozi, na mkono wake ukatua shavuni mwangu kabla sijamwona akigeuka. Hakuwa na hasira. Aliichukua tyubu, akaielekeza dirishani, akanionyesha jinsi wekundu ulivyosambaa hadi juu.

"Umewapasua chembe wa damu," alisema. "Wametoka kwenye mshipa wa mtu wakiwa wazima. Sasa utaniletea majibu kwamba mgonjwa ana ugonjwa wa kupasuka damu, kumbe ugonjwa wenyewe ni wewe, Shahada."

Shahada ndilo jina alilonipa siku ya kwanza, na sikumbuki kama aliwahi kulitumia la kwangu. Kofi lile nimelifikiria kuliko linavyostahili. Je, alipaswa kunipiga? Ningejifunza bila kupigwa? Mbona tangu siku ile sijawahi kutikisa tyubu? Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia habari za asubuhi, jioni bado ninajiuliza alikuwa na maana gani.

Kwa hiyo nitangulize jambo lenyewe, nisije nikazunguka hadi mwisho wa karatasi. Kuna neno nililipigia kelele mtaani mchana kweupe, na kwa ajili yake mtu nusura auawe. Mpimaji ndiye aliyemtoa mikononi mwa watu. Kwa miaka minne sikumwambia yeye wala mtu mwingine kwamba neno lile lilitoka kinywani mwangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, hospitali za binafsi zilikuwa zimefunguliwa tena, na kila ghorofa la Kariakoo lenye ngazi imara lilipata kibao cha daktari. La kwetu lilikuwa Mtaa wa Sikukuu. Chini kulikuwa na duka la vitambaa, juu vyumba vyenye vitanda tisa, na mwisho wa ukumbi chumba cha maabara chenye dirisha linalotazama barabarani. Mwenye hospitali, Daktari, alikuwa Mhindi mpole aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo, na alimwogopa Mpimaji kama sisi wote. Mimi nilikuwa binti mwenye shahada ya baolojia na viatu jozi moja. Daktari alinichukua kwa sababu nilikubali mshahara aliotaja.

Mpimaji alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alitembea akitanguliza paji la uso kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Wapagazi wa chini walimwita Mama Damu. Jumamosi mchana alikwenda kutazama ndondi, peke yake, kanga kichwani, akarudi sauti imekauka kwa kupiga kelele. "Jana kuna mtu kavunjwa taya," angesema Jumapili kwa furaha, huku akimpulizia mtoto mchanga mkononi ili asihisi sindano. Watoto hawakulia kwake. Watu wazima walilia, kwa sababu aliwasema. Nyuma ya mlango alikuwa na mchi wa kutwangia ambao haukutwanga kitu. Na mwanamke huyu, aliyetoboa mishipa ya nusu ya Kariakoo, hakukubali kamwe kutobolewa yeye. Daktari alipotaka wafanyakazi wote wapimwe, alijifungia maabara hadi jioni.

Chuoni nilifundishwa kingamwili, wale walinzi wa damu wa aina tano, M, G, A, D na E, kwa michoro: herufi Y ndogo ndogo, safi, zimepangwa kwenye karatasi kama mitego ya panya dukani. Mpimaji alifundishia dirishani.

Nilikuwa na mwezi mmoja pale aliponivuta kwenye kioo. Chini, kijana alikuwa amekamatwa na bunda la kanga. Nilitaka kuondoka. Alinishika nyuma ya shingo.

"Tazama. Nani kafika kwanza?"

"Kila mtu, Mama."

"Kila mtu ndiye M. Kingamwili ya kwanza kufika. Hatembei peke yake, watano wamefungwa pamoja migongo, mikono kumi. Hana shabaha nzuri, lakini akishika, kaunganisha maadui kumi kwa wakati mmoja, wanakuwa donge. Halafu anaita wale watoboaji walio ndani ya damu, wanamtoboa adui matundu mpaka maji yanamwingia anapasuka. Unasikia?"

Nilisikia. Kilikuwa kitu kama gunia la mchele linaloangushwa, tena na tena. Wenye maduka wawili walimtoa kijana yule akiwa hai, mkono mmoja ukining'inia kwa namna ambayo mkono hauning'inii.

"Na yule pale?" Alinionyesha mwenye duka la taa, ng'ambo ya barabara, Mwarabu mzee aliyekaa kimya na hakuinuka kitini. "Huyo aliibiwa mwaka juzi. Hapigi kelele. Anamjua mwizi wake mmoja, na akimwona atamgusa begani tu. Wengine watammaliza. Huyo ni G. Anachelewa kuja, lakini akishakuja hasahau. Ndiye mwingi kuliko wote. Ndiye pekee anayevuka kondo la nyuma kumlinda mtoto tumboni. Mara nyingi haui kwa mkono wake. Anambandika adui alama, walaji wanakuja kula."

Mpimaji alimpenda A. A alikuwa mlinzi wa duka la dhahabu pale kona, babu mwenye rungu ambalo sikumwona akiliinua. Mlevi akikaribia mlango, babu alimshika shati, akamgeuza, akamsukuma taratibu arudi alikotoka. "Yuko kwenye machozi, mate, utumbo, maziwa ya mama," Mpimaji alisema. "Anawashika mlangoni kabla hawajaingia. Hakuna damu, hakuna kelele. Mstaarabu pekee katika ukoo huu."

Nikamuuliza kuhusu D, kwa kuwa chuoni hata mhadhiri alipita juu juu.

"Sijui," alisema. "Na wenye vitabu hawajui sana. Amekaa juu ya askari mchanga kama kibao cha mlangoni. Kila mtaa una mtu kama huyo. Hujui anafanya kazi gani, lakini hathubutu mtu kumwambia ahame."

E nilifundishwa na maiti.

Mwenye duka la vitambaa chini yetu alikuwa mtu mkubwa mwenye kicheko. Mchana mmoja alikuwa akinywa maji ya miwa kibarazani, na nyuki, ambao hawakosi penye miwa, mmoja akamchoma mdomo. Alicheka. Kisha alianza kujikuna shingo. Nilikuwa ngazini nikamwona akipanda kuja kwetu, midomo imevimba, akijipiga kifua kwa ngumi kama anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Daktari alikimbia na sindano. Ilimkuta amekwisha lala kati ya ghorofa la chini na la kwanza, uso umekuwa wa mtu mwingine, miguu ikipiga ukuta. Kisha haikupiga tena.

Mpimaji alikaa kwenye ngazi kando yake, akamfunika kwa kanga yake mwenyewe.

"Nyuki mmoja," alisema. "Sumu yake haimwui hata paka. Huyu kauawa na watu wake wa ndani. E ni wachache mno, Shahada. Kazi yao ni kupigana na minyoo. Lakini wamekaa juu ya mapipa ya petroli na kiberiti mkononi, na siku nyingine akipita nyuki wanaona joka."

Usiku ule sikulala. Nilihesabu vitu vyote nilivyowahi kula vikaniwasha.

Lakini msemo wake mkubwa ulikuwa mwingine, na aliurudia hadi niliuchukia. "Kingamwili haimjui mtu. Inajua kifungo cha shati lake." Alimaanisha kwamba haimwoni adui mzima. Inashika kipande kidogo tu cha ngozi yake, na ikikutana na kiumbe kingine chenye kipande kinachofanana, inakipiga vilevile, kwa moyo mmoja. "Ndiyo maana wengine wanaugua homa, halafu mwili unaupiga moyo wao wenyewe. Mdudu alikuwa na kifungo kama cha moyo." Na alipokuwa akipima virusi vya ule ugonjwa ambao miaka ile watu waliutaja kwa kushusha sauti, alisema, "Hapa hatumtafuti adui. Tunatafuta waliopigana naye. Na kama vita ni vya juzi, hatuoni kitu."

Nilidhani nimeelewa. Niliandika yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Siku ya shati la kijani umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Ulikuwa wakati wa mgao, na beseni letu la maji ya moto, ambalo huhifadhi tyubu katika joto la mwili, lilikuwa limepoa kama kisima. Saa nane mchana nilishuka kununua mihogo. Shingoni nilivaa cheni nyembamba niliyopewa na mama yangu nilipohitimu. Nilisikia moto shingoni. Nikageuka, nikaona mgongo ukipenya kwenye watu: shati la kijani lenye maandishi ya rangi ya chungwa.

"Mwizi!"

Watu waligeuka, wakaniona nimeshika shingo isiyo na cheni, wakatafuta. Nikaongeza, "Shati la kijani!"

Haya maneno matatu ya mwisho nimeyafikiria kuliko lile la kwanza. La kwanza lilinitoka. Haya niliyachagua.

Mbele kidogo kulikuwa na mwanamume wa shati la kijani lenye maandishi ya rangi ya chungwa, na alikuwa anatembea. Mwizi hatembei. Nililiona hilo, nililiona vizuri kabisa, na nilikuwa na muda wa kusema. Walimpiga ngwala. Mpagazi mmoja alikuwa na ubao wa kreti wenye msumari. Mwingine alichomoa chuma cha mkokoteni. Mtu alisimama juu ya mkono wake kwa buti, akageuza kisigino kama anayezima sigara.

"Jamani, mnanifananisha!" alilia. "Ndugu zangu, mnanifananisha!"

"Na cheni nayo tunaifananisha?" mmoja alijibu, wengine wakacheka, na ubao ukashuka. Msumari ulimwingia pajani, ukatoka na nyama. Walipompekua mifukoni walikuta sindano ya kushonea viatu na uzi uliopakwa nta. Hawakukuta cheni. Hilo halikumzuia mtu, walisema kampa mwenzake. Mtoto alipita akivingirisha tairi, na niliona watu wazima wakimpisha njia.

Mpimaji alikuja na koti jeupe na mikono mitupu. Aliingia kwenye duara kwa paji la uso. Chuma kilimpata begani nikasikia mlio wake, lakini hakuanguka. Alimpanda mtu yule kama anayepanda punda, akatumbukiza viganja vyote viwili kwenye damu ya paja, akaviinua juu.

"Huyu nampima mimi!" alipiga kelele. "Damu yake naijua! Ina virusi! Haya, nani kajichubua leo? Nani ana kidonda mkononi? Njooni mmalizie!"

Watu walitazama mikono yao. Yule wa ubao alianza kusugua vidole ukutani, akisugua na kulia kwa sauti nyembamba. Wengine walirudi nyuma wakakanyagana. Tairi, lililoachwa, lilijiviringisha polepole hadi mtaroni.

"Shahada! Mbona umesimama? Shika miguu."

Nilishika miguu. Pale ngazini kuna matundu ya hewa ukutani, na kwenye tundu moja niliona barabara. Kijana wa shati la kijani lenye maandishi ya rangi ya chungwa alikuwa akisukuma mkokoteni. Mwingine alikuwa akinunua maji. Baadaye nilikuja kujua kwamba wiki ile, soko la mitumba la Mchikichini, walifungua marobota ya mashati ya kazi ya kampuni moja ya ng'ambo, yote ya rangi moja, na yalikuwa rahisi. Kifungo kimoja, watu mia.

Mezani, Daktari alifunga paja, akatazama kope za ndani za mgonjwa zilivyokuwa nyeupe, akasema bila damu hafiki jioni. Mpimaji alimfunua tumbo. Kulikuwa na kovu refu la zamani.

"Baba, uliwahi kuongezewa damu?"

"Gari... liligonga," mtu yule alisema. "Mwaka juzi. Ndiyo."

"Basi ana kumbukumbu," Mpimaji alisema.

"Chukueni yangu," nilisema. Sauti yangu ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. Mpimaji alinitazama, akatazama kola yangu ambayo nilikuwa nimeivuta juu, akanifunga mpira mkononi. Nilikuwa kundi B, na mgonjwa naye B. Aliponitoa damu alishuka getini, kwa kuwa mtu mmoja, alisema, hatoshi kutegemewa.

Nilimsikia kutoka dirishani. Wapagazi walikuwa wamejaa pale nje, wakitaka kujua kama watakufa.

"Nilidanganya," aliwaambia. "Sijawahi kumpima, nilitaka mumwache. Sasa namtaka mtu mwenye damu."

"Mama Damu, wewe muhuni!"

"Mimi muhuni, nyie wauaji. Wewe wa ubao, njoo."

"Mimi? Nimpe damu mwizi?"

"Umeimwaga barabarani bila kuuliza ya nani. Panda juu."

Nilisikia kofi. Kisha nikasikia nyayo za watu wawili ngazini.

Kijana yule wa ubao naye alikuwa B, na kwenye kipimo cha virusi hakuonekana na kitu. Mpimaji aliweka kwenye kigae cheupe matone ya seramu ya mgonjwa, yale maji ya damu yasiyo na chembe, akayachanganya na chembe zangu, kisha na za mpagazi. Tulisubiri donge, dalili ya kukataa. Halikutokea. Matone yote yalibaki laini kama rangi ya kucha.

"Imekubali," Daktari alisema. "Tumtundikie ya binti."

"Bado."

"Mama, mtu anakufa!"

"Kigae kinawaona wenye kelele tu," Mpimaji alisema. "M anashika hata kwenye baridi, mbele za watu. G ananyamaza. Anataka joto la mwili na anataka muda. Huyu kaongezewa damu mwaka juzi, G wake wanaweza kuwa wanamkumbuka mtu. Nikimpa isiyo yake, ataungua kutoka ndani."

"Umeme hakuna!"

Alifungua vifungo vya koti. Akaweka tyubu yenye chembe zangu na seramu ya mgonjwa kwenye kwapa la kushoto, ya mpagazi kwenye kwapa la kulia, akabana mikono na kusimama katikati ya chumba, macho kwenye saa ya ukutani.

"Nusu saa," alisema.

Nusu saa ile ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Upande wa pili wa pazia mtu yule alikuwa akimwita mtu, sikusikia jina. Bega la Mpimaji lilikuwa linavimba mbele ya macho yetu. Mpagazi alikaa kwenye stuli, vidole vimechubuka, akinitazama, akinitazama tena.

"Dada," alisema, "wewe si ndiye uliyeibiwa?"

"Hapana," nilisema. "Umenifananisha."

Neno lilitoka tu. Nilimtazama Mpimaji. Hakuwa ameondoa macho kwenye saa, nikajiambia hakusikia.

Muda ulipotimia alizitoa tyubu zikiwa na jasho lake. Nilizungusha ile mashine ya mkono inayotenga chembe na maji mpaka misuli ikaniwaka, tukaosha chembe mara tatu kwa maji ya chumvi, kisha akadondosha seramu ya sungura. Sungura huyo huchomwa seramu ya binadamu hadi atengeneze kingamwili dhidi ya kingamwili zetu. Ni mpelelezi wa wakimya. Kama G wamekaa juu ya chembe bila kuonekana, seramu hiyo huwashika na kuwakutanisha.

Ya mpagazi ilibaki laini.

Yangu iliganda donge, kama mchanga wenye unyevu.

"Anakukataa," Mpimaji alisema.

Damu ya mtu aliyempiga kwa ubao ndiyo iliyoingia mwilini mwake, na haikumdhuru. Alipona, isipokuwa jicho la kushoto walilolipiga. Alikuwa fundi viatu, kijiwe chake kilikuwa mitaa miwili kutoka kwetu.

Lakini uongo wa Mpimaji ulitembea haraka kuliko kukanusha kwake. Wiki ile ile ukafika Mchikichini. Fundi aliporudi kijiweni, watu hawakutaka sindano yake iguse viatu vyao. Watoto walimrushia maganda ya machungwa wakakimbia. Hapo nilimwona Mpimaji akifanya jambo ambalo sijalielezea vizuri hata kwangu mwenyewe. Kila mchana alichukua wembe wa maabara, akakata mkanda wa kiatu chake kizima, akashuka akichechemea, akakaa kwenye stuli ya fundi mbele ya watu wote mguu wake uchi, kiatu mkononi, akisubiri ashonewe. Alifanya hivyo wiki nyingi. Alipomaliza viatu vyake alikata vya Daktari.

Mimi sikushuka. Nilipitia mtaa wa nyuma. Baada ya miezi mitatu nikapata kazi ya ualimu Morogoro, nikaaga kwa barua.

Mwaka jana nilikuja Dar kwa semina, nikasikia kwamba Mpimaji ameacha kazi. Nilimkuta Ilala, chumba cha uani, amekaa kitandani mchana, mikono juu ya mapaja. Vidole vilikuwa vimepinda upande mmoja vyote, kama miti ya ufukweni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Shahada. Umenenepa. Kaa."

Nilitazama mikono. Aliona.

"Nimekubali kutobolewa," alisema. "Mara moja, nijue. Unajua ni nini? M wangu wanawapiga G wangu. Kundi limewageukia wazee wa kumbukumbu, linawakusanya kwenye viungo, na viungo vinaliwa. Wamewafananisha."

Alilitamka neno hilo taratibu, akiwa ananitazama.

Nilifikiria namna nane za kujibu. Nilifikiria kwamba labda ni neno tu, watu hulisema kila siku.

"Ulisikia," nilisema mwishowe.

"Nilikuwa nimesimama pale pale, ningekosaje? Na shingo ilikuwa na mchubuko."

"Mbona hukusema? Miaka yote hii?"

"Ningekupiga kofi ukasema siku ile, ingekuwa kelele. Ungelia, ungeomba msamaha kwa kila mtu, halafu ungejisahau. Wewe si wa kigaeni kama M." Alishusha pumzi. "Langu mimi nilimwambia fundi. Kwamba ndimi niliyemzushia ugonjwa. Akanifukuza kijiweni mbele za watu, akanirushia kiatu changu. Mwezi mzima. Halafu siku moja akakipokea."

"Na langu?"

"Lako sikuwa na haki ya kulisema. Mpaka leo anajiuliza nani alipiga ile kelele. Anauliza kila akija hapa. Yuko Mchikichini sasa, upande wa viatu, mwisho kabisa."

Nilianza kueleza. Kwamba semina inaanza saa tisa, kwamba pengine kumwambia ni kumtonesha, kwamba pengine ninataka kujisikia vizuri mimi tu, na kama ni hivyo basi si haki. Nilikuwa na hoja nzuri, nilikuwa nimezifanyia kazi miaka minne. Mikono yangu ilikuwa ya baridi hadi vidole vimekufa ganzi.

"Lete huo mkono," alisema.

Hakuweza kuushika. Aliusukuma kwa kiganja kilichopinda, akauweka kwapani mwake, akabana. Palikuwa na joto na harufu ya sabuni ya mche. Alitazama saa juu ya kabati.

"Nusu saa," alisema.

Tulikaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu hoja zangu ziliisha. Uani mtu alikuwa akifua. Muda ulipotimia alilegeza mkono, akautazama wangu kwenye mwanga wa dirisha, kiganja na mgongo, kama alivyotazama tyubu.

"Haya," alisema. "Nenda."

Mlangoni niliinama kuvaa viatu. Vilikuwa vipya. Kwenye dirisha kulikuwa na wembe, na nilifikiria kukata mkanda mmoja ili niwe na sababu ya kusimama mbele ya fundi. Niliushika hata. Kisha nikaurudisha mahali pake, nikaenda Mchikichini na viatu vizima.